Jiwe lote linakuwa jekundu: kuandika filta ya kutoa michoro ya Kolo iliyofifia

"Shikamoo mwalimu. Mi natembeza wageni kwenye mapango yenye michoro huku Kolo, Kondoa. Michoro mingine imefifia sana mpaka umwelekeze mgeni kwa kidole ndo anaiona, kwa hiyo nimeanza kuipiga picha kila pango ninaloingia ili iwepo hata ikipotea. Nilisikia kuna filta za rangi zinazoitoa michoro iliyofifia nikaamua niandike ya kwangu kwenye GIMP, ile programu ya bure ya picha. Nimejifunza Python kidogo, nikaandika skripti inayozidisha nyekundu mara 1.8 na kupunguza buluu, nikajua michoro ni myekundu so itatoka. Jiwe lote linakuwa jekundu na mchoro ndo unapotea kabisa. Nikadaunlodi skripti ya mtu mwingine, hiyo hata kwenye menyu haionekani, na GIMP yangu ni mpya ya 3. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Je nikilipia Photoshop ndo itakubali? Na kuna mzee mmoja anasema tunajisumbua, ukirushia mchoro maji kidogo unatoka wenyewe, na kweli nimeona unatoka. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kueleza kwa kirefu, umenirahisishia kazi. Kwa nilivyokuelewa unataka kuona kilichochorwa bila kukigusa, na skripti yako inafanya kinyume cha ulichotegemea. Hapo kati kuna mambo kadhaa ya kunyoosha ila naanza na la maji kwa sababu hilo haliwezi kusubiri mwisho. Usirushe maji, hata kidogo, hata mgeni akikuomba, hata mzee akikuambia ndo walivyokuwa wanafanya enzi zao.

Mzee hakudanganyi kwamba mchoro unatoka, na sababu yake ni hii. Jiwe kavu uso wake una vinundu vidogo vidogo sana, mwanga ukigonga pale unatawanyika kabla hata haujaifikia rangi, na huo mwanga uliotawanyika ni mweupe, unakuja kukaa juu ya picha kama ukungu. Ukilowesha, maji yanajaza nafasi kati ya vile vinundu, uso unakuwa laini, ukungu unapungua na rangi inaonekana imekolea, ni kitu kilekile unachokiona udongo wa Dodoma ukinyeshewa mvua ya kwanza. Shida inakuja maji yakikauka. Yamepita ndani ya jiwe yakayeyusha chumvi, yakirudi juu yanaziacha pale pale kwenye mchoro. We angalia birika lolote la Dodoma lililochemshia maji miezi mitatu, ule ukoko mweupe wa ndani, sasa fikiria ukoko huo unajengeka juu ya mchoro uliokaa karne kwa karne. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Baada ya wageni mia na chupa zao za maji, mchoro uko chini ya utando mweupe na hakuna skripti ya kuutoa. UNESCO waliyaingiza mapango ya Kondoa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336 lenye mapango ya michoro zaidi ya 150, na mengine mpaka leo wenyeji wanayatumia kwa matambiko yao. Ni mali yenu kwanza kabla ya kuwa ya mtu yeyote, na we ndo unayeingia humo kila siku, kwa hiyo neno lako kwa mgeni mwenye chupa lina uzito.

Nimeyaeleza haya ya maji kwa kirefu kwa sababu filta unayoitafuta inafanya kazi ileile ya maji, ila kwa hesabu. Inaondoa kile kitu ambacho chaneli zote tatu za picha (nyekundu, kijani na buluu) zinachangia, inabakiza tofauti. Ukilishika hilo neno tofauti umeshamaliza nusu ya kazi.

Sasa skripti yako. Tuchukue namba ndogo nilizotunga tu ili uone. Sema pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya jiwe tupu ni nyekundu 168, kijani 132, buluu 108. Pikseli ya mchoro wa twiga pembeni yake ni 158, 116, 95. Cha kwanza angalia, mchoro mwekundu una nyekundu KIDOGO kuliko jiwe! Watu wengi hapa wanashangaa. Rangi iliyochorewa ni ya chuma, aina ya kutu, ngeu kama tunavyoiita, na haina kazi ya kuongeza nyekundu, kazi yake ni kumeza mwanga, inameza kijani na buluu nyingi na nyekundu inameza kidogo. Na jiwe lenyewe nalo lina chuma, nalo limeshika kutu miaka yote hiyo. Kwa hiyo una kitu chekundu juu ya kitu chekundu. Ukizidisha nyekundu mara 1.8, ile 168 inakuwa 302 na ile 158 inakuwa 284, na picha ya biti 8 mwisho wake ni 255, zote mbili zinagonga dari zinakatwa zinakuwa 255 na 255. Yaani tofauti ya nyekundu iliyokuwepo kati ya twiga na jiwe umeifuta kwa mkono wako. Alafu ukapunguza buluu, ambayo ilikuwa na tofauti ya 13, ukaibana nayo. Ndo maana mchoro umepotea, skripti haijakosea kitu, imefanya ulichoiambia.

Na usiende upande wa pili ukasema basi niongeze sacharesheni, yaani ukolevu wa rangi. Sacharesheni inakoleza rangi ya jiwe na ya mchoro kwa pamoja, jiwe la kahawia linakuwa la chungwa na mchoro wa kahawia nyekundu unakuwa wa chungwa nyekundu, macho yanachoka tu.

Sasa angalia uwiano badala ya namba zenyewe. Jiwe, nyekundu gawanya kwa kijani, 168 kwa 132, unapata kama 1.27. Mchoro, 158 kwa 116, unapata 1.36. Sasa chukua jiwe tupu hilohilo lakini liko kivulini, mwanga nusu, 84 na 66, uwiano ni ule ule 1.27. Umeona? Mwangaza ulishuka nusu lakini uwiano haukutikisika, ila mchoro unajitofautisha. Macho yetu yanababaishwa na kivuli, nyufa, jua, na vyote hivyo kwa sehemu kubwa vinapandisha na kushusha chaneli tatu kwa pamoja. Alama ya mchoro imejificha kwenye kitu kidogo sana kinachobaki baada ya kuondoa huko kupanda na kushuka.

Wanaofanya kazi hii kitaalamu wanaliona kwa umbo. Chukua kila pikseli ya picha yako uiweke kama punje hewani, nyekundu ndo upana, kijani ndo urefu, buluu ndo kimo. Pikseli za jiwe hazitasambaa kila mahali, zitajipanga kama mchi wa kutwangia, mrefu na mwembamba, umelala mshazari kutoka kona ya nyeusi kwenda kona ya nyeupe. Urefu wa mchi ni mwanga na kivuli. Unene wake, ule mdogo, ndo tofauti za rangi, na twiga wako yuko humo kwenye unene. Kuzidisha nyekundu mara 1.8 kunauinamisha mchi upande mwingine tu, hakuunenepeshi. Unachotaka ni kuusimamisha mchi, kisha uunenepeshe upande ule mwembamba mpaka uwe donge la mviringo kama donge la ugali, alafu uulaze tena ulivyokuwa umelala. Hapo tofauti ya rangi iliyokuwa ndogo inakuwa kubwa sawa na tofauti ya mwanga na kivuli, na jicho la mtu yeyote linaiona.

Hii njia haikuzaliwa kwenye michoro ya mapangoni. Ilikuzwa na watu wa picha za setilaiti pale JPL, maabara ya NASA kule California, ili kutofautisha aina za miamba ambayo kwa macho yote ni kahawia, na picha za Mars pia zimeshughulikiwa kwa njia hiyohiyo. Aliyeileta kwenye michoro ya miambani ni Jon Harman, Mmarekani, aliandika programu inaitwa DStretch ambayo inakaa ndani ya ImageJ, programu ya kuchambua picha, na toka katikati ya miaka ya 2000 watafiti wa michoro duniani kote wanaitumia. Nakutajia mapema ili ujue ipo, ila kwa kuwa umeuliza kuandika ya kwako, na mi napenda sana kijana anayetaka kujua kilicho ndani ya kitufe, tuiandike.

Kabla ya skripti kuna njia ya mikono ndani ya hiyo GIMP yako, ijaribu leo usiku. Fungua picha, nenda menyu ya Colors, ingia Components, chagua Decompose, kwenye aina chagua LAB. Picha inagawanyika leya (tabaka) tatu za kijivu. L ni mwangaza, A inatoka kijani kwenda nyekundu, B inatoka buluu kwenda njano. Zima L na B ubaki na A. Itaonekana kama uji, kijivu kitupu. Sasa fungua Levels, sogeza vile vishale viwili vya pembeni mpaka vikabe pale histogramu (kile kilima kinachoonyesha mwangaza wa pikseli) inapoanza na inapoishia. Mara nyingi hapohapo mchoro unatokea gizani na watu wanaruka kwenye kiti! Kwa asilimia kubwa ya kazi ya kumwonyesha mgeni kwenye simu, hiyo inatosha kabisa na hujaandika hata mstari mmoja.

Skripti yenyewe nakushauri uiandike nje ya GIMP, Python ya kawaida na maktaba mbili, NumPy na Pillow. Ni hii:

```
import numpy as np
from PIL import Image

picha = np.asarray(Image.open("pango.png").convert("RGB"), dtype=np.float32)
s = picha.reshape(-1, 3)

sampuli = s[::50]
wastani = sampuli.mean(axis=0)
C = np.cov(sampuli, rowvar=False)
nguvu, mihimili = np.linalg.eigh(C)
unene = np.sqrt(np.maximum(nguvu, 1e-6))
print(unene)

zidisho = np.minimum(40 / unene, 15)
T = (mihimili @ np.diag(zidisho) @ mihimili.T).astype(np.float32)

mpya = (s - wastani) @ T + 128
mpya = np.clip(mpya, 0, 255).astype(np.uint8)
Image.fromarray(mpya.reshape(picha.shape)).save("pango_filta.png")
```

Isome pole pole. C ni jedwali la tatu kwa tatu linalosema chaneli zinavyopanda na kushuka pamoja. Ule mstari wa eigh ndo unaotafuta mchi umelalia wapi, unakupa mihimili mitatu na nguvu ya kila mmoja, na ukiitafutia kipeuo cha pili unapata unene. Mstari wa T unasimamisha mchi, unaunenepesha, unaulaza tena, vyote vitatu kwa mpigo mmoja. Namba 40 ni unene unaoutaka, ukiongeza rangi zinakuwa kali zaidi, ukipunguza zinapoa, ichezee.

Ule mstari wa print usiufute, ndo unaokuambia ukweli wa picha yako. Sema umekuletea 1.2, 4 na 38. Maana yake mwanga na kivuli vina mtawanyiko wa 38, kuna rangi yenye mtawanyiko wa 4, na mhimili wa mwisho una 1.2 tu. Bila kizuizi ungekuwa unazidisha huo wa mwisho mara 33. Sasa kitu chenye mtawanyiko wa hatua moja kwenye picha ya biti 8 mara nyingi sio mchoro, ni kelele za sensa ya kamera, na utakuwa umeikuza kelele mara 33 na kuiita sanaa. Ndo kazi ya ile 15 niliyoweka, inakataa kukuza kupita hapo. Mi kwenye picha za JPEG za simu nashusha mpaka 8.

Jambo lingine ambalo litakuumiza usipoliangalia ni kropu, yaani kuikata picha. Hesabu inachukua kila kilichomo kwenye picha. Kuna siku nilikuwa na picha nzuri ya pango, pembeni kabisa ameingia mgeni bega moja, shati la buluu la kung'aa, filta ikanenepesha tofauti kati ya shati na kila kitu kingine, mchoro haukupata hata chembe. Nilihangaika saa nzima nikidhani nimekosea mstari. Kropu kwanza, bakiza jiwe na mchoro tu, ondoa anga, majani, watu, hata ile kadi ya vipimo.

Kuhusu RAM ya GB 4, usijali sana ila hesabu. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli milioni 24, mara chaneli tatu, mara baiti 4 za float32, hiyo ni MB 288 kwa nakala moja, na skripti inashika zaidi ya nakala moja kwa wakati mmoja. Windows na brauza vikiwa vimekula GB zao mbili na nusu, laptopu itaganda. Funga brauza, fanya kazi na kropu au punguza picha iwe nusu kila upande. Na usije ukaandika kitanzi cha for kinachotembelea pikseli moja moja kwa Python tupu, utaenda kunywa chai urudi ukute bado, acha NumPy ifanye safu nzima kwa pamoja kama hapo juu.

Skripti ya yule mtu kutoonekana kwenye GIMP 3 ina maelezo rahisi. GIMP 2.10 ilikuwa inatumia Python 2, ambayo wenyewe waliacha kuihudumia toka Januari 2020. GIMP 3 iliyotoka Machi 2025 imehamia Python 3 na namna ya kuita kazi za ndani imebadilika, kwa hiyo skripti za zamani hazikubali bila kuandikwa upya. Na hata iliyoandikwa kwa GIMP 3 lazima ikae ndani ya folda yake yenyewe yenye jina sawa na faili, ukiitupia tu kwenye folda la plug-ins haitaonekana na haitakuambia kwa nini. Vijana wengi nimewaona wanapoteza wiki hapo. Ndo sababu nakwambia anza nje, ukishaielewa hesabu unaweza kuihamishia ndani baadaye, au unafungua tu matokeo kama leya juu ya picha halisi na kuipunguzia nguvu, mi nafanya hivyo na naridhika.

Photoshop usilipie kwa ajili ya hili. Ni programu nzuri, ina skripti na ina LAB pia, ila haitakupa kitu hapa ambacho huna, na malipo yake ni ya kila mwezi, hela hiyo nunua memori kadi na betri ya akiba. Kama hutaki kabisa skripti, ImageJ ni ya bure, weka DStretch ndani yake, ina vitufe vyenye herufi, LRE na CRGB ndo vya nyekundu zilizofifia, YBK ya nyeusi, LDS husaidia kwenye njano. Kwa michoro myeupe iliyopakwa juu ya ile myekundu, hii njia yote haina msaada sana, nyeupe inatofautiana na jiwe kwa mwangaza zaidi kuliko rangi, huko fanyia kazi leya ya L kwa Levels au Curves.

Lakini filta yoyote ile, iwe yako au ya Harman, haiwezi kukupa kisichokuwemo kwenye faili, na hapa ndo naona vijana wengi wanaharibikiwa. JPEG inatunza mwangaza vizuri ila rangi inaibana kikatili, mara nyingi inahifadhi rangi moja kwa kila pikseli nne, na inakata picha vipande vya nane kwa nane. Kwa macho huoni. Ukinenepesha rangi mara kumi, vile vipande vinatokea vyote kama vigae vya bafuni. Picha iliyopita WhatsApp ndo usiiguse kabisa, kama lazima itumwe basi itumwe kama dokumenti. Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, kama kamera au simu yako inaruhusu, RAW mara nyingi inakupa biti 12 au 14, yaani hatua 4,096 au 16,384 kwa chaneli badala ya 256. Fungua kwa darktable au RawTherapee, zote za bure, zima mambo ya kunoa na kulainisha, toa PNG. Pillow haielewani vizuri na picha za rangi za biti 16, kwa hiyo anza na PNG ya biti 8, bado itakuwa mbali sana kwa ubora kuliko JPEG ya simu yenye urembo wake.

Mwanga pia. Nusu jua nusu kivuli ndo adui mkubwa, kwa sababu kivuli kinaangaziwa na anga la buluu na jua lina unjano, filta itakuchorea mpaka wa kivuli kwa rangi kali utadhani ni mlima. Nenda wakati pango lote liko kivulini, au mwambie mwenzako akinge jua kwa kanga. Piga picha ya kwanza ukiwa na rula na kadi ya kijivu pembeni, imeshikwa kwa mkono, haigusi ukuta, kisha ya pili bila kadi.

Sasa naomba unisikilize vizuri hapa. Rangi utakazoziona baada ya filta ni za uongo, twiga atakuwa wa pinki na jiwe la kijani kibichi, na hiyo haina shida kwa sababu tunaangalia umbo. Shida ni kwamba hesabu haijui mchoro ni nini. Kutu iliyotiririka na maji ya mvua nayo ni chuma, nayo itanenepeshwa, na kuvu za mawe na moshi wa moto wa wachungaji pia. Mi niliwahi kutoa mtu mrefu mwenye nywele za kusimama, mzuri ajabu, mistari myembamba kama ile ya michoro mikongwe ya Kolo yenyewe, nikamwonyesha mwenzangu kwa furaha. Tuliporudi pangoni na kuangalia kwa lenzi ya mkono ilikuwa mchirizi wa maji unaoanzia kwenye ufa wa juu, kichwa kilikuwa ufa. Toka siku hiyo nina kanuni tatu. Ninachokiona kwenye filta lazima nikitafute tena kwenye picha halisi nikijua sasa pa kuangalia, na mara nyingi ukishajua unakiona. Lazima kitokee kwenye picha mbili zilizopigwa siku tofauti. Na picha ya filta haitoki kwangu bila picha halisi pembeni yake na maneno yanayosema imechakatwa. Mgeni akiondoka na picha ya twiga wa pinki akidhani wazee wenu walichora kwa pinki, tumewasingizia.

Seivu pia T na wastani wa kila picha, amri ya np.savez ya NumPy inatosha, ili picha zote za pango moja uzipitishe kwenye hesabu moja na rangi zilingane, na ili mwaka kesho mtu aweze kurudia ulichofanya. Faili halisi usiziandike juu yake kamwe. Na kabla hujapost popote futa taarifa za GPS ndani ya picha, mapango mengine hayana mlinzi na unajua mwenyewe stori za mali zilizofukiwa na Mjerumani zinavyowafanya watu wachimbe.

Kuna mahali laptopu haifiki. Ukiona mchoro una utando mweupe, unabanduka magamba, kuna kuvu mpya au mtu ameandika jina lake, usisafishe na usitafute filta, piga picha kama ilivyo na peleka ofisi inayosimamia michoro hapo Kolo siku hiyohiyo. Ukitokea mchoro unaodhani hakuna aliyewahi kuurekodi, vivyo hivyo, na wao watakuunganisha na wanaakiolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana idara nzima ya kazi hiyo, usiutangaze kwanza. Pango linalofanyiwa tambiko waulize wazee kabla ya kutoa kamera, wakikataa basi. Na kwa upande wa Python, ukikwama zaidi ya siku mbili panda basi uje Dodoma, ni kama kilomita 160 tu toka Kondoa mjini na lami tupu, nenda CIVE, ndaki ya kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), utafute mtu anayefanya kazi za picha mkae naye mezani na picha zako halisi. Saa mbili za kukaa hivyo zitakuokolea mwezi.

Anza na picha moja, ile ya mchoro unaoujua vizuri kabisa, ambao mpaka sasa unaonekana kwa macho. Pitisha kwenye skripti, angalia zile namba tatu za unene, linganisha filta inachosema na unachokijua. Ukishaona inakubaliana na macho yako hapo, ndo uipeleke kwenye ile iliyofifia.